Rear Window (1954) inafaa kwa mtoto wa miaka 9? Naomba ushauri BILA spoila

MamaWawili
Wakuu habari zenu. Nina binti wa miaka 9 na kaka yake wa 13, jumamosi usiku huwa tunaangalia muvi wote watatu sebuleni, katuni zimeshatuchosha (mimi zaidi yao) na huyu mkubwa siku hizi kashikwa na ugonjwa wa upelelezi, kila kitu kwake ni ushahidi, juzi kaniuliza mbona viatu vyangu vina vumbi wakati nilisema nashinda ndani. Basi nikakumbuka watu wanavyoisifia Rear Window ya Hitchcock, ile ya James Stewart na Grace Kelly. Nimecheki nimeona wameandika PG, yaani mtoto aangalie kwa uongozi wa mzazi.

Sasa hiyo PG niiamini? Maana nilishawahi kuamini PG ya muvi moja ya zamani binti akahamia kitandani kwangu wiki nzima. Nataka kujua kama kuna damu, kuna mambo ya chumbani, kuna matusi, au kitu chochote cha kumnyima mtoto usingizi. ILA tafadhalini sana msiniambie nani kafanya nini, mimi mwenyewe sijaiona, nataka nishtuke pamoja na wanangu.

Chui_wa_Sofa
PG si ndio ya watoto hiyo? Weka tu mama. Muvi ya 1954 itakuwa na nini cha kutisha, enzi zile hata busu lilikuwa la kuhesabiwa sekunde. Ingekuwa mbaya wangeipiga R (aliye chini ya miaka 17 aje na mtu mzima) toka mwanzo.

MzeeWaMkanda
Chui hapo umeteleza ndugu yangu. 1954 hakukuwa na PG wala R. Kule Marekani mfumo huu wa herufi ulianza tarehe 1 Novemba 1968, kabla ya hapo kulikuwa na kanuni za Hays za kukagua muvi za Hollywood, zimeandikwa 1930 zikaanza kukaziwa kweli kweli 1934, na mambo yalikuwa mawili tu, muvi imepita au haijapita, ikipita imepita kwa wote bibi na mjukuu. Ndo maana waandaaji wa wakati ule walikuwa mafundi wa kuficha, jambo baya linatokea nyuma ya mlango au nyuma ya pazia halafu kichwa chako ndo kinamalizia.

Hiyo PG unayoiona mama iliwekwa baadaye, waliporudisha muvi kwenye majumba ya sinema 1983 baada ya kufungiwa kabatini miaka na miaka. Na huo mwaka uangalie vizuri, 1983. PG-13 (tahadhari kwa walio chini ya miaka 13) ilikuja Julai 1984, baada ya wazazi kuja juu kwa sababu ya muvi ya Gremlins na ile Indiana Jones ya pili, watu walipeleka watoto wakijua ni burudani wakakuta mtu anang'olewa moyo kifuani mchana kweupe. Kwa hiyo kabla ya hapo PG lilikuwa gunia, chochote kilichozidi G (ya wote) na hakijafika R kinatumbukizwa humo humo. Jaws ya 1975, papa anakula watu, mguu unazama peke yake majini, ni PG. Ukikuta PG ya kabla ya 1984 usiisome kama PG ya leo, herufi ni zile zile lakini mzani sio ule.

Mfano mwingine, Murder on the Orient Express. Ile ya 1974 ina PG, ilipotengenezwa upya 2017 ikapewa PG-13. Treni ile ile, maiti yule yule.

MamaWawili
Mzee umeniua, JAWS ndo hiyo hiyo!! Binti aligoma hata kuoga kwenye beseni. Asante sana, sasa najua sikuwa mjinga peke yangu.

Nuru_K
Dada ukitaka undani wa haraka tovuti ya muvi ya IMDb wana ukurasa wa mwongozo wa wazazi kwa kila muvi, umegawanywa mafungu matano: mapenzi na utupu, vurugu na damu, matusi, pombe na sigara, halafu mwisho mambo ya kutisha. Unasaidia kuliko herufi, kwa sababu herufi haikwambii kama tatizo ni matusi au ni mtu kuchinjwa. Lakini wanaojaza ni watazamaji kama mimi na wewe na wengine hawana breki. Mimi nilienda kuangalia tu kama kuna damu kwenye muvi moja ya upelelezi, mstari wa kwanza kabisa ukanitajia muuaji na alikoficha kisu. Saa mbili za utamu zimekwisha hata sijawasha tv. Kwa muvi za aina hii soma mafungu manne ya mwanzo halafu lile la mambo ya kutisha achana nalo, miisho yote imelala humo.

kijana_mjuaji
Damu hamna kabisa, shida ni pale mwishoni yule jamaa anapo

*[Imefutwa na msimamizi. Soma swali.]*

DadaTaharuki
Haya ngoja nijaribu mimi bila kuharibu. Nimeiangalia mara nne, mara ya mwisho nikiwa na mdogo wangu wa miaka 11.

Msingi wa hadithi kila mtu anaujua kwa hiyo sio spoila: mpiga picha kavunjika mguu, kafungwa POP (plasta ngumu) toka kiunoni mpaka karibu na vidole, joto kali, hana la kufanya ila kukaa kwenye kiti cha magurudumu na kuchungulia majirani ng'ambo ya ua. Akaanza kuhisi jirani mmoja kafanya jambo baya. Dakika 112 karibu zote kamera iko naye chumbani, tunaona anachokiona yeye.

Damu ni kama hakuna. Vurugu za kuonekana ni kidogo na ziko mwishoni. Kinachoweza kumsumbua mtoto ni maneno, maana watu wanajadili kwa kirefu maiti inaweza kufanywa nini. Kuna sehemu nesi anamletea mgonjwa kifungua kinywa huku anakisia kwa sauti, tena kwa furaha zake zote, mambo ya namna hiyo, mpaka mgonjwa mwenyewe chakula kinamshinda. Mimi nilicheka, mdogo wangu akaweka bisi chini.

Mambo ya chumbani: dada mmoja jirani ni mcheza dansi anafanya mazoezi na vinguo vya ndani, Grace Kelly anavaa gauni la kulalia (refu na la heshima), mabusu yapo. Halafu kuna maharusi wapya wamehamia wakashusha pazia, na wanashusha tena, na tena. Wa 9 atauliza mbona wale hawaonekani, mwambie wanapumzika. Wa 13 hatauliza. Matusi hakuna ya kuongelea, sigara na pombe ni kama maji, ndo ilikuwa miaka ya 50.

Sasa hapa ndo nataka usome polepole. Kuna jirani mwanamke mpweke. Siku moja analeta mwanaume nyumbani, yule mwanaume anataka kumlazimisha, dada anamzaba kofi na kumfukuza, halafu dada anabaki analia. Baadaye kuna sehemu inahusu vidonge na mtu kutaka kujitoa uhai. Haiendi mbali, sitasema inaishaje, lakini ipo, na tunaiona kwa mbali kupitia dirisha bila kusikia sauti, ambayo kwangu mimi inaumiza zaidi kuliko ingekuwa na makelele. Watu wakiambiwa muvi ya mauaji wanajiandaa kwa muuaji, hawajiandai kwa huyu dada. Mimi ningekuwa na mtoto wa 13 ndo sehemu ningependa niwe nimekaa naye karibu.

Na pia kuna mnyama anadhurika. Hatuoni ikitokea, tunaona baada yake. Kama binti anapenda wanyama mwambie mapema kwamba kuna sehemu ya kusikitisha, yupi na lini mwachie mwenyewe.

Dakika ishirini za mwisho moyo unakimbia, kuna giza na kuna kusubiri. Ila tishio kubwa kwa mtoto wa 9 ni nusu saa ya kwanza, haina haraka kabisa, mtu anajikuna ndani ya POP na kijiti. Kama hajazoea atalala.

Chui_wa_Sofa
Haya nimekubali nilikurupuka. Ila kama tatizo ni kuchelewa kuchangamka si aweke Psycho ya huyo huyo Hitchcock tu, ile ina mambo mapema.

MzeeWaMkanda
Psycho kwa mtoto wa miaka 9, Chui wewe una watoto kweli? Ile ni R Marekani toka 1984, Uingereza ni 15, yaani chini ya miaka 15 hairuhusiwi. Na ukiitazama kwa utulivu pale bafuni kisu hukioni kikiingia kiasi unachodhani umekiona, na ile damu ni sharubati ya chokoleti kwa kuwa picha ni nyeusi na nyeupe. Wakaguzi wanajua hilo na bado hawakuishusha, kwa sababu hawahesabu matone ya damu peke yake, wanaangalia jambo linavyomkaa mtu kichwani. Rear Window Waingereza nao wameiweka PG, hapo naona wamekubaliana.

Mimi ushauri wangu mama, itazame peke yako kwanza usiku mmoja.

Nuru_K
Mzee lakini kasema anataka kushtuka pamoja nao, ukimwambia aitazame kwanza umemnyang'anya alichokuja kuomba. Mzazi akishajua kila kitu anakaa anaviangalia vichwa vya watoto badala ya muvi. Dada Taharuki kashamwambia pa kuwa macho, inatosha.

MzeeWaMkanda
Sawa, hapo sina ubishi.

MamaWawili
Wakuu nimerudi, tumeiona!! ANGALIZO kwa ambaye hajaiona aishie hapa, kuanzia sasa nasema yote.

Nusu saa ya kwanza binti alikuwa amelala kichwa chini miguu juu ya kochi, nikasema basi imeshindikana. Kilichomwamsha ni yule mbwa mdogo anayeteremshwa kwa kikapu na kamba kutoka ghorofani, akakaa vizuri, akawa anamsubiri yule mbwa kila kamera ikizunguka. Moyoni nikasema mungu wangu, ndo huyu. Na kweli ndo huyu. Nilikuwa nimeshamwambia kuna sehemu ya kusikitisha lakini alilia, akaniuliza mara tatu kama mbwa yule aliumia kweli, nikamwambia hapana ni maigizo, akakubali nusu nusu.

Sasa sikilizeni. Mwenye mbwa anapiga kelele usiku, anawalaumu majirani wote kwamba hakuna anayejali mwenzake, watu wanatoka madirishani na kwenye roshani kutazama, na mimi na kaka mtu tuko tunamwangalia yule mama anavyolia. Binti, na machozi yake usoni, akanyoosha kidole: "mama kule kuna moto mdogo." Wapi? Ndani ya giza, dirisha moja tu ambalo mtu hakutoka, ncha ya sigara inawaka, inafifia, inawaka. Kaka mtu mpelelezi wetu mkuu hakuiona mpaka alipoonyeshwa. Kanuna mpaka leo.

Yule dada wa vidonge, DadaTaharuki asante sana. Kijana wangu alinyamaza kimya kabisa, sio kimya cha kuogopa, kimya kingine. Binti hakuelewa, alidhani ni dawa za kichwa. Nilipoenda kuzima taa kwake ndo kijana akaniuliza kama kule juu usingepigwa ule muziki yule dada ingekuwaje, tukaongea kama dakika arobaini hivi, mengine ya shule ambayo hajawahi kuniambia. Hayo siyaandiki hapa.

Pale Grace Kelly anapoonyesha pete kwa kidole nyuma ya mgongo wake, halafu yule jirani anayeshukiwa anaona, anafuata kidole, anainua macho pole pole anatutazama SISI, binti alizama nyuma ya mto. Lakini aliyepiga ukelele ni mimi. Mwishoni zile taa za kamera zikimulika usoni kwa muuaji binti alikuwa anahesabu balbu zimebaki ngapi.

Kalala kitandani kwake. Ila siku ya tatu hii anashusha pazia kabla jua halijazama, na kaka yake anaomba nimnunulie darubini. Hapana.