Nina miaka 36, nataka diploma ya Leta: nirudi darasani au niende otodidakti?

Mama wa Katuba
Jambo kwenu wote. Niko Lubumbashi, nauza unga soko la mtaa wetu wa Kenya. Shule niliachia ya tano ya sekondari, opsio pedagojia (ualimu), sababu ya mimba, hiyo tusirudie. Sasa nataka kusoma sheria UNILU, chuo kikuu chetu, na bila diploma ya Leta, ile ya serikali ya kumaliza sekondari, mlango wa kampasi ya Kasapa haufunguki. Kuna shule inanipokea jioni, lakini nitakaa benchi moja na watoto. Njia nyingine ni kujiandikisha otodidakti, yaani mtu anayejisomea mwenyewe bila shule. Nishike ipi? Usingizi umenikimbia. Tafadhali msinitukane.

Mtoto wa Likasi
Ya tano ya zamani, siyo? Siku hizi wanahesabu ya saba na ya nane, kisha humanite, yaani sekondari ya juu, miaka minne. Yako ni ya tatu humanite. Usije ukaaibika ofisini, mama.

Papa Kilo
Sheria tena! Mawakili wamejaa mbele ya mahakama wanavuta watu mashati kuliko wabadilisha dola. Ningekuwa wewe ningeongeza magunia.

Mwalimu wa Chaki
Mama, otodidakti hawaingii moja kwa moja. Kuna mtihani wa awali, ukipita ndipo unaungana na wengine: insha kwanza, halafu siku nne za item, maswali ya kuchagua jibu. Mstari ni asilimia 50. Item unaweza kubahatisha, insha hapana. Unga unauza kwa Kiswahili, insha utaandika kwa Kifaransa. Mara ya mwisho uliandika ukurasa mzima wa Kifaransa lini?

Yaya Kampemba
Mmenikumbusha maki yetu ya kusomea mtihani pamoja! Tulijifungia kwa rafiki, vitabu chini, bukari (ugali) na dagaa kila siku. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima kati yetu. Kila akifungua daftari, mtu anaita: mama, chumvi iko wapi? Mama, maji yamechemka? Matokeo yalipotoka tulimwagiana pudra ya shangwe mpaka kwenye nyusi. Yeye alikuwa amefeli, na sufuria zilikuwa bado zake za kuosha. Kama utafanya maki, mama, usiguse jiko.

Mama wa Katuba
Asanteni. Mwalimu, Kifaransa nasoma usiku. Kwa hiyo otodidakti inawezekana, ndiyo?

Shangazi Ruashi
Nina swali. Uliacha shule kwa mimba, sasa una 36. Mtoto huyo yuko darasa gani?

Mama wa Katuba
Mtoto hajambo. Tuongee habari za otodidakti.

Shangazi Ruashi
Nimeuliza darasa, sikuuliza afya.

Mtoto wa Likasi
Shangazi kapiga hesabu 😂

Mama wa Katuba
Haya. Ni msichana, mwaka huu ni mfinalisti, yuko darasa la mwisho. Zamu yangu ya likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa, ilifika, pesa ilikuwa ya mtihani wake. Nimejiandikisha mimi, nimeshalipa. Kabla hamjanirukia: yeye ana miaka 18, mwakani atafanya. Mimi nimelipa minervali (karo) tangu akiwa mdogo, na elimu ya bure ya 2019 iliishia shule ya msingi, haikumfuata humanite. Tena ni yeye aliyesema, mama, anza wewe.

Shangazi Ruashi
Alisema kabla hujalipa au baada?

Mama wa Katuba
Baada.

Papa Kilo
Duh. Nafuta maneno yangu ya magunia, hapa pana kesi. Wakili wa kwanza kumhitaji ni binti yako.

Dada Neema
Mzazi hali kabla ya mtoto. Mama yangu aliuza vitenge vyake vyote ili nipate cheti. Nyinyi wa siku hizi mnajipenda sana.

Yaya Kampemba
Na mama yako alisoma, dada? Au alibaki na kabati tupu?

Bukavu Juu
Ngojeni kwanza. Akaunti hii hii mwezi jana ilikuwa mwanaume, ana pikipiki, anauliza bei ya tairi la nyuma. Leo ni mama muuza unga. Tunalishwa hadithi.

Mtoto wa Likasi
Nimeenda kuangalia. Kweli, tairi lipo 😂😂

Mama wa Katuba
Simu ni ya mdogo wangu, anaendesha teksi-moto. Akirudi jioni ndipo ninaandika. Ndiyo maana ninachelewa kujibu.

Bukavu Juu
Jibu la haraka hilo. Haya, item siku ya kwanza ni nini?

Mama wa Katuba
Kultira jenerali, maarifa ya jumla.

Bukavu Juu
Hiyo hata muuza vocha anaijua.

Papa Kilo
Mtunga hadithi angejifanya mzuri. Huyu amekubali neno "baada" mbele ya watu wote.

Mwalimu wa Chaki
Iwe kweli au hadithi, wasichana wa namna hiyo ninao darasani. Mama, binti akikosa mwaka huu, mwakani atalipa minervali ya mwaka mzima upya, au naye awe otodidakti kama wewe. Wewe ukisubiri unabaki pale pale ulipo. Yeye akisubiri anarudi nyuma.

Mama wa Katuba
Mwalimu, nimekuelewa. Lakini kila mwaka kuna sababu ya mimi kubaki pale pale. Alikuwa mchanga, akaja mdogo wake, baba yao akapoteza kazi. Jina langu kwenye mtihani siliondoi. Kesho naenda kwa prefe, mkuu wa shule yake, nimwombe nilipe pesa ya mtihani wa binti kidogo kidogo. Magunia mawili nitayatoa kwa bei ya hasara.

Shangazi Ruashi
Nenda asubuhi, kabla ofisi haijajaa. Na uende naye.

Dada Neema
Prefe akikataa?

Mtoto wa Likasi
Samahani kuingilia uzi. Mwalimu, una item za zamani za opsio komersiali (biashara)? Mdogo wangu anazitafuta, nitalipia fotokopi.

Mwalimu wa Chaki
Ninazo. Njoo na karatasi zako.