The Last Dance: mwamba ngoma kajivutia ngozi yote, halafu mnaiita dokumentari?

Wakuu, ile dokumentari ya Michael Jordan na timu yake ya kikapu, Chicago Bulls ya ligi ya NBA, nimeimaliza jana usiku, sehemu zote 10, kwa bando la kuungaunga. Najua ilitoka 2020 enzi za korona na ninyi mlishaisifia hadi mkachoka. Mimi nimechelewa, kwa hiyo hasira zangu ndiyo kwanza mbichi. Nivumilieni.

Hivi tangu lini mtu akasimuliwa na kampuni yake mwenyewe? Jump 23 ya Jordan imo kwenye utayarishaji. Zile picha za msimu wa 1997/98 zilikaa kabatini karibu miaka 20 zikisubiri yeye aridhie. Sawa, sura ni yake. Ila msituambie hiyo ndiyo historia ya Bulls. Hapo ni Jordan anajisimulia, wengine wameitwa kupiga makofi.

Kilichonichefua ni kile kishikwambi. Mtu kahojiwa huko, kasema yake. Kisha Jordan, kwenye kiti chake, glasi pembeni, anapewa kishikwambi amtazame, acheke, amjibu. Gary Payton, mpinzani wake wa Seattle, kaeleza alivyombana fainali za 1996, akaishia kuchekwa. Isiah Thomas, hasimu wake wa Detroit, ndiyo kabisa, hata kabla hajasikilizwa alishahukumiwa. Mbona hatuoni Scottie Pippen, mwenzake wa Bulls, naye akishikishwa kishikwambi asikie anavyosemwa?

Na kwa Pippen ndipo nilipotaka kuzima simu. Jordan anasema mwenzake alikuwa mbinafsi kwa kuchelewesha upasuaji wa mguu. Mbinafsi! Msimu huo Jordan analipwa zaidi ya dola milioni 33. Pippen kabanwa na mkataba aliosaini 1991, wa 6 kwa mshahara ndani ya Bulls, wa 122 ligi nzima. Na alisaini vile kwa sababu kwao Arkansas kulikuwa na baba na kaka, wote kwenye viti vya magurudumu, na watoto 12 tumbo moja. Filamu yenyewe inakuonyesha hayo, halafu inamkabidhi Jordan rungu. Pippen alipokuja kuandika kitabu mwaka 2021 akawaka, watu wakasema ana wivu. Ningekuwa mimi ningewaka siku ileile.

Jerry Krause, meneja mkuu wa Bulls, ndiye aliyemchukua Pippen siku ya rasimu ya 1987, siku timu zinapogawana wachezaji wapya, akampandisha Phil Jackson kuwa kocha mkuu 1989, akamleta Kukoc, akamleta Rodman. Ana makosa yake, kuivunja timu ya mabingwa si jambo dogo. Lakini alifariki 2017, na filamu nzima anachekwa kwa ufupi na unene wake. Marehemu atajibu nini?

Luc Longley, senta wa Bulls aliyeanza mechi miaka yote mitatu ya ubingwa, 1996, 1997, 1998, hakuhojiwa. Craig Hodges naye hakuhojiwa, na huyu alitwaa ubingwa 1991 na 1992 pamoja na Jordan, akashinda shindano la kutupa pointi tatu mara tatu mfululizo. Ila Hodges ndiye aliyekwenda Ikulu ya Marekani 1991 amevaa dashiki na barua ya kumpa Rais Bush kuhusu hali ya watu weusi. Sishangai kwamba nafasi haikupatikana.

Mtaniambia mbona pale Jordan alipomlilia baba yake nililia. Nililia, ndiyo. Na ule mtupo wa mwisho kule Utah nimeurudia mara nne. Mimi simkatai Jordan, nakataa kuuziwa sifa kwa jina la uchunguzi.

Sasa ninyi wa "angekuwa peke yake angetosha", msije hapa na matusi, jibuni hili. Jordan kaondoka Oktoba 1993, kaenda kucheza besiboli. Msimu wa mwisho akiwepo Bulls walishinda mechi 57. Msimu asiokuwepo wakashinda 55. Filamu imeupita msimu huo kama daladala iliyojaa inavyopita kituo, imesimama tu kwenye zile sekunde 1.8 za mwisho wa mechi Pippen alizogoma kuingia uwanjani dhidi ya New York Knicks.

Hizo 55 alishinda nani?