Redmi Note 8: niweke TWRP, OrangeFox au rikavari ya LineageOS?

Kijana_Makumbusho
Wakuu, heshima zenu. Nina Redmi Note 8 ambayo nataka kuiondoa kwenye MIUI, yaani mfumo wa Xiaomi iliokuja nao, na kuiwekea LineageOS, ambayo ni Android nyepesi ya bure, kwa sababu imejaa programu nisizozihitaji na imekuwa nzito hata kufungua kamera. Butiloda (programu inayoiwasha simu na kuilinda isiwekewe mfumo mwingine) nimeshaifungua, lakini rikavari (mfumo mdogo wa kuwekea mfumo mpya) inakataa kukaa. Kabla sijamaliza bando kwa kupakua mafaili, naomba ushauri wenu: kati ya rikavari za TWRP na OrangeFox na ile ya LineageOS yenyewe, ipi inakubali kwa urahisi zaidi? Ninatakiwa kuamua kabla ya Jumapili, kwa kuwa kompyuta ninayotumia ni ya kuazima.

FundiWaya
Mkuu, umeomba dawa bila kueleza ugonjwa. Simu ina Android ya ngapi? Ulitumia amri gani, na kompyuta ilikujibu nini? Ukisema "inakataa kukaa", una maana kwamba faili haliingii kabisa, au linaingia kisha linatoweka? Kama linaingia kisha linatoweka, basi huenda tatizo haliko kwenye rikavari uliyoichagua, kwa maana MIUI ikiwaka hata mara moja tu inaweza kuirudisha rikavari yake ya asili juu ya ile uliyoiweka. Ukimaliza kuandika faili kwa fastboot (njia ya kuiandikia simu kutoka kwenye kompyuta), usiiache simu iwake kama kawaida. Shikilia kitufe cha kuongeza sauti pamoja na kile cha kuwashia mpaka uingie moja kwa moja kwenye rikavari mpya.

Mpenda_Mbweha
Mimi namshauri aende na OrangeFox bila kupoteza muda. Msingi wake ni TWRP ileile, kwa hiyo hakuna kinachopungua, ila ina menyu zilizopangwa vizuri, inakuruhusu kuweka nenosiri ili mtu asiichezee, na hata tochi imo, jambo ambalo watu hulicheka mpaka siku umeme ukatike katikati ya kazi. Nimeitumia kwenye simu zangu zote za Xiaomi.

Bi_Tehama
Ndugu Mpenda_Mbweha, tochi haijawahi kumwekea mtu LineageOS. Mwenye uzi amesema lengo lake ni LineageOS, na mfumo huo una rikavari yake, iliyojengwa na watu walewale kwa ajili ya simu ileile. Kazi yake ni kufuta data na kupokea faili la mfumo kutoka kwenye kompyuta kwa waya, basi. TWRP ina uwezo mwingi zaidi, sikatai, lakini kwenye matoleo mapya ya Android mara nyingi inashindwa kufungua data iliyofungwa kwa usimbaji. Utaona majina ya folda yamegeuka herufi zisizosomeka, au hifadhi ya ndani ikisomeka kuwa sifuri, na mtu akishaona hivyo hudhani simu imekufa. Isitoshe, anayetoka MIUI kwenda LineageOS atalazimika kufomati data kwa vyovyote vile, kwa hiyo huo uwezo wa kusoma data ya zamani hautamsaidia chochote.

Mpenda_Mbweha
Na chelezo je? Rikavari ya LineageOS haikuruhusu kuhifadhi mfumo mzima kabla ya kuuvunja. Mambo yakienda mrama atarudi wapi?

Bi_Tehama
Atarudi kwenye romu, yaani mfumo wa simu, rasmi ya kiwandani kwa fastboot. Tena watu wengi hawajui kwamba chelezo ya data inayofanywa na TWRP haichukui picha na video zilizomo kwenye hifadhi ya ndani. Mtu anaona imeandika kwamba kazi imekamilika, anafomati kwa moyo mweupe, kisha anakuja jukwaani kuuliza picha za harusi zimekwenda wapi. Chelezo ninayoiamini ni kuzinakili picha kwenye kompyuta au diski kwa mkono.

Mzee_Kipimo
Naona mnabishana kuhusu rangi ya mlango huku msingi haujakaguliwa. Mwaka jana niliipeleka simu ya binti yangu, ya kampuni hiyohiyo, kwa fundi mmoja ambaye sitamtaja, ili aiwekee romu nyepesi. Kazi aliifanya vizuri, rikavari iliingia, na simu iliwaka mbele ya macho yangu. Sasa, simu hizi zikiwa zimefunguliwa butiloda huonyesha alama ya kufuli lililo wazi kila zinapowaka, na fundi yule akaona kwamba alama ile itamtia mteja wasiwasi. Bila kuniuliza, akaifunga tena butiloda kwa amri moja, ilhali ndani kulikuwa na rikavari isiyo na saini ya kiwanda. Simu ilipojaribu kuwaka ilikagua saini, haikuiona, ikaandika kwa Kiingereza kwamba mfumo umeharibiwa, na hapo ndipo ilipogoma. Kuifungua upya hakukuwezekana, kwa kuwa amri ya kufungua inahitaji kibali kinachopatikana baada ya kuisajili simu ikiwa inawaka, nayo haiwaki. Akaanza kunieleza habari za kuvua mfuniko wa nyuma, kugusanisha vituo viwili kwenye ubao kwa kibanio ili simu iingie kwenye hali ya dharura iitwayo EDL, kisha kumlipa mtu mwenye akaunti iliyoidhinishwa ili aipokee simu kwenye programu yake. Kwa gharama aliyoitaja, ilibaki kidogo ninunue simu nyingine iliyokwisha kutumika. Kwa hiyo, kijana, weka rikavari uitakayo, ila usiifunge tena butiloda mpaka simu iwe imerudi kwenye romu rasmi kikamilifu.

Kijana_Makumbusho
Nashukuru sana wakuu, na pole Mzee. Najibu maswali ya FundiWaya: simu ina Android 11. Amri niliyotumia ni ya fastboot ya kuandika kwenye sehemu ya rikavari, na kompyuta ilijibu OKAY. Nilipoingia kwa kitufe cha sauti, nembo ya Redmi ilijitokeza, ikakaa kidogo, kisha simu ikajizima na kuwaka kawaida. Nilipojaribu tena baadaye nikaikuta rikavari ya Xiaomi iko palepale. Mafaili yote niliyapakua kwa jina la ginkgo.

FundiWaya
Kama ilijizima kwenye nembo hata kabla MIUI haijapata nafasi ya kuirudisha rikavari yake, basi nina mashaka na faili. Redmi Note 8 ziko mbili, mkuu. Ile ya 2019 ndiyo ginkgo, yenye chipu ya Snapdragon 665. Ya 2021 inaitwa biloba na ina Helio G85 ya MediaTek, na umbo lake linamdanganya hata muuzaji. Tazama stika ya boksi: M1908C3JG ni ya kwanza, na M1908C3JGG, yenye G moja zaidi mwishoni, ni ya pili. Kama boksi limepotea, iingize simu kwenye fastboot na uandike *fastboot getvar product*.

Kijana_Makumbusho
Boksi ninalo. Ina G mbili.

FundiWaya
Basi faili za ginkgo zisingewaka hata ungeziandika mara mia, kwa sababu kerneli yake, yaani kiini cha mfumo, haielewi kifaa hicho. Ushukuru kwamba uliandika kwenye rikavari tu. Ungeandika kwenye programu za mwanzo za kuwashia simu, tungekuwa na mazungumzo mengine. Tafuta faili lenye jina la biloba na, kabla ya kuliandika, jaribu kuliwasha kwa muda kwa *fastboot boot*, endapo simu yako itaikubali amri hiyo.

Mpenda_Mbweha
Hapo sasa pole, kwa sababu MediaTek haina wajenzi wengi wa romu kama Snapdragon. Ungekuwa na ginkgo ungechagua mpaka uchoke.

Mzee_Kipimo
Hilo ni la kweli, lakini simu ya MediaTek ikifa huwa rahisi kufufua. Programu ya mtkclient inazungumza na chipu yenyewe kwa waya, na kwa Helio nyingi hakuna haja ya akaunti ya mtu. Simu ya binti yangu ingekuwa ya MediaTek, nisingekuwa na kisa cha kusimulia hapa.

Bi_Tehama
Kijana, pendekezo langu nalo linabadilika. Rikavari ya LineageOS ninaisifu pale mfumo unapojengwa rasmi kwa simu husika. Kwa biloba, angalia kwanza kama kuna romu inayotunzwa na mtu anayejibu maswali, kisha tumia rikavari anayoielekeza mtunzaji huyo, hata ikiwa ni ya mbweha. Na je, unatumia programu ya benki kwenye simu hiyo? Nyingi hukataa kufunguka zikigundua kwamba butiloda iko wazi.

Kijana_Makumbusho
Benki ninayo, ila M-Pesa natumia *150*00# tu.

FundiWaya
Hiyo haijali butiloda. Kuhusu benki, jaribu sasa hivi ukiwa bado kwenye MIUI, maana kufuli umeshalifungua. Ikigoma leo, LineageOS haitakuwa ya kulaumiwa. Halafu kompyuta hiyo ya kuazima ina prosesa gani? Kama ni Ryzen na umechomeka kwenye USB 3, fastboot inaweza kukatika, skrini ikageuka nyeusi na maneno madogo juu pembeni yakikutaka ubonyeze kitufe ili izime. Tumia tundu la USB 2 au pitishia kwenye habu ya bei nafuu.

Kijana_Makumbusho
Ni Intel. Naanza kuhamisha picha sasa, kisha nitatafuta faili la biloba. Kama halitapatikana kabla ya Jumapili, nitabaki na MIUI kwanza na kuzima zile programu kwa adb (amri za kompyuta kwa simu iliyowaka).

Mpenda_Mbweha
Ukilipata la OrangeFox, tuwekee kiungo hapa.