Nataka kutengeneza apu ya wavuti yenye akili bandia, nianzie wapi?

mgeni_wa_kodi
Wakuu habari zenu. HTML na CSS niko vizuri, JavaScript nababaisha, Python niliishia kwenye luupu na fankisheni. Nataka apu ambayo mtu anapandisha PDF zake alafu anaiuliza maswali inamjibu kutoka humo humo. Video nimeangalia mpaka macho yanauma, huyu anasema anza na React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa), yule anasema bila hesabu za mitandao ya neva unapoteza muda, mwingine eti siku hizi modeli ya akili bandia inakuandikia kila kitu we kaa tu. Nilijaribu kuita API ya modeli (ile njia ya programu kuongea na modeli) moja kwa moja kutoka kwenye ukurasa, ikajibu, nikafurahi kweli, kuna jamaa akaniambia nimefanya kosa kubwa ila hakusema kosa gani. Msaada jamani

fundi_seva
Kosa lipo mkuu. Ukiita API kutoka kwenye ukurasa, ufunguo wako wa siri unashuka kwa kila anayefungua ukurasa huo. Mtu anafungua zana za brauza anaingia sehemu ya mtandao anaukuta kwenye ombi, anaondoka nao, yeye anatumia we unalipa. Ufute leo leo utoe mwingine, na kama ulishausukuma GitHub (kule watu wanakohifadhi kodi mtandaoni) usijidanganye kwamba umefuta faili yameisha, Git inatunza historia yote.

Weka seva yako katikati, FastAPI ya Python au Express ya JavaScript, yoyote unayoielewa. Brauza inaongea na seva, seva ndo inaongea na modeli. Hapo hapo ndo utaweka login na kikomo cha maombi kwa kila mtumiaji.

kipande_kwa_kipande
Naongezea upande wa PDF maana hapo ndo watu wanakwama. Huwezi kumwaga hati zote kwenye promti (maandishi unayoipa modeli), modeli ina kikomo cha tokeni (vijipande vya maneno) na kila tokeni inalipiwa. Unachofanya unatoa maandishi, unayakata vipande, kila kipande unakigeuza kuwa vekta, yaani orodha ya namba inayobeba maana yake, unahifadhi (databesi ya PostgreSQL yenye kiongezi cha pgvector cha kutunzia vekta inatosha kabisa, usikimbilie databesi za ajabu). Mtu akiuliza, swali nalo linageuzwa vekta, unachukua vipande vinne vitano vilivyo karibu nalo unaipa modeli pamoja na swali.

Kinachoumiza kichwa wala sio modeli, ni kutoa hayo maandishi. Jedwali likiwemo linatoka limevurugika, safu zinachanganyikana, mimi wiki mbili zimeishia hapo. Na PDF ya kuskani ni picha tu, hamna herufi ndani, inabidi ipite kwenye OCR kwanza, yaani programu ya kusoma herufi kwenye picha.

Hesabu achana nazo kwa sasa, utazihitaji ukitaka kufundisha modeli yako mwenyewe. React pia isubiri, jua kwanza fetch, JSON na async/await za JavaScript, ndo ukurasa unavyoongea na seva.

mgeni_wa_kodi
Asanteni sana. Na hili la modeli kuniandikia kodi mnalionaje?

fundi_seva
Tumia, ila soma kila mstari. Mimi iliniandikia kodi safi ya kutafuta vipande, inafanya kazi vizuri tu, kumbe haichuji kwa mtumiaji, yaani ningeirusha hewani kila mtu angejibiwa kutoka kwenye hati za mwenzake. Niligundua kwa vile nilifungua akaunti mbili nikajaribu.

kipande_kwa_kipande
Na andika maswali yako kama ishirini ya kujaribia, uweke na ambayo majibu yake hayamo kabisa kwenye hati, maana hapo modeli inapenda kutunga kwa kujiamini. Kila ukibadilisha promti au ukubwa wa vipande unayapitisha yote upya, sio unajaribu swali moja likipita unashangilia.

mgeni_wa_kodi
Ufunguo nishaufuta. Nimecheki PDF zangu, karibu zote ni za kuskani 😩 kumbe ndo maana ilikuwa inatoa ukurasa mtupu na mimi nalaumu Python.

kipande_kwa_kipande
Hahaha pole mkuu. Jaribu Tesseract, ni programu ya OCR, anza na ukurasa mmoja tu.