Namlipa mkalimani wa alama mfukoni kwangu, naweza kupunguziwa PAYE (kodi ya mshahara)?

Kiziwi_wa_Stoo:
Wakuu, kwema? Mimi ni kiziwi tangu darasa la tatu, homa ya uti wa mgongo. Niko stoo kwenye kiwanda kimoja huku Vingunguti. Mshahara laki tisa. Mchango wa hifadhi ya jamii (NSSF) ukitoka, PAYE inakula 80,500.

Kila mwezi kuna kikao cha usalama kazini, na mkalimani namlipa mwenyewe 50,000, nauli yake ya kutoka Mbagala humo humo. Asipokuwepo natazama midomo tu, watu wakicheka na mimi nacheka. Kuna mwezi walibadili utaratibu wa kupakia mzigo, nikaja kujua baada ya wiki, kwa kufokewa. (Kunifokea mimi ni kujichosha bure, lakini sura niliiona.)

Dada yangu yuko Toronto. Anasema huko malipo ya mkalimani wa alama unayadai kama gharama za matibabu, mstari wa 33099 kwenye fomu ya kodi. Nina risiti kumi na moja kwenye bahasha. Nizipeleke TRA, kwa watu wa kodi?

Mhasibu Tabata:
Mkuu, bahasha itulie kwanza. Dada yuko sahihi, ila hiyo ni Kanada. Hapa mwajiriwa wa PAYE hapunguziwi kodi kwa matibabu aliyojilipia. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamtazama mwajiri: akigharamia matibabu yako, ya mwenzi wako na watoto wasiozidi wanne, bila kubagua wafanyakazi, hayo hayaingii kwenye kipato chako. Shime sikio (kifaa cha kusaidia kusikia) ningeipeleka huko.

Lakini mkalimani wa kikao cha kampuni ni matibabu ya nani? Kikao chao, wafanyakazi wao, walipe wao.

Kiziwi_wa_Stoo:
Bosi aliwahi kugusia kuniongezea hiyo 50,000 kwenye mshahara.

Mhasibu Tabata:
Kataa kwa adabu. Uko kwenye ngazi ya asilimia 25, kwa hiyo NSSF inakata 5,000, PAYE 11,250, jumla 16,250 inakwenda na maji halafu mkalimani bado anakudai yake. Mkalimani alete ankara, kampuni imlipe moja kwa moja na kukata humo asilimia 5 kuipeleka TRA, ndiyo kodi ya zuio. Kwao ni gharama ya biashara kama dizeli ya jenereta. Ila mkalimani awe na TIN (namba ya mlipakodi).

Mama Shani:
Mdogo wangu, andika barua, usimtume mtu akakusemee. Mimi nilitumia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, inamtaka mwajiri akuwekee mazingira ya kufanya kazi. Nakala nikabaki nayo, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Walikaa kimya mwezi mzima, nikaandika ya pili.

Njiwa wa Kigamboni:
Risiti kumi na moja! Mimi ya LUKU tu inanipotea.

Kiziwi_wa_Stoo:
Mama Shani, barua nimeipeleka leo, muhuri umegongwa. Mkalimani nimemuuliza, TIN hana. Jumatatu naenda naye kuichukua, na safari hii nauli kasema atajilipia.