Mwanangu alipimwa damu kwenye utafiti wa malaria hapa Ujiji, majibu hayajarudi mtaani

mama_dagaa_ujiji

Habari za jioni wapendwa, na wakubwa zangu shikamooni. Naomba kueleweshwa na mwenye kujua.

Mwaka jana kipindi cha mvua kijana wangu wa mwisho, wa miaka minne, alishikwa na homa. Nikampeleka kituo cha afya, kipimo cha haraka kikaonyesha malaria. Pale nikawakuta vijana wa chuo kimoja cha tiba wanafanya utafiti wa dawa mseto. Walinieleza vizuri, kwa Kiswahili, nikaweka sahihi. Mtoto alimezeshwa dawa mbele ya nesi, tukakaa nusu saa kuangalia kama atatapika. Tukarudi kesho yake, keshokutwa na mtondo, halafu siku ya 7, ya 14 na ya 21. Kila safari kidole kinatobolewa, damu kidogo kwenye kioo, na kuna siku matone mengine yaliwekwa kwenye karatasi nyeupe, ikakaushwa na kutiwa kwenye kamfuko.

Siku ya 14 iliangukia giza. Wanaoijua kazi ya dagaa watanielewa: mwezi ukiwa mweupe wavuvi wanapumzika, dagaa ni wa usiku wa giza, na asubuhi lazima uwe Kibirizi uanike. Niliacha mzigo kwa mwenzangu nikaenda, kwa sababu nilishawapa neno langu.

Siku ya 21 wakaniambia vimelea vimeonekana tena kwenye damu, na mtoto mwenyewe anakimbizana na wenzake uani, hana hata joto. Wakambadilishia dawa, wakasema kwake utafiti umeishia hapo. Watoto wa jirani zangu wawili waliendelea hadi siku ya 28. Tuliambiwa majibu yataletwa mtaani. Mpaka leo sijamwona mtu.

Wale jirani niliwashawishi mimi, kwa hiyo wananiuliza mimi. Mama mkwe amesema mbele ya watu kwamba nimewapa mumiani damu ya mjukuu wake. Imeniuma sana, maana niliwatetea wale vijana.

Je, dawa mseto ilimshindwa mwanangu? Ile karatasi ni ya nini? Na mtu kama mimi anaulizia wapi majibu?

tabibu_kasulu

Dada yangu, pole, na ahsante kwa kumpeleka mtoto kila tarehe. Kuna wazazi wengi wanaoishia siku ya tatu homa ikishuka.

Tuanze na mtoto. Vimelea kuonekana siku ya 21 haina maana moja kwa moja kwamba dawa imeshindwa. Mseto ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Artemeta inaua upesi na kutoka mwilini upesi. Lumefantrini inabaki siku kadhaa kumalizia vilivyosalia. Wiki ya tatu ulinzi wake umekwisha, na mbu wa Kigoma hawajaenda likizo. Kwa hiyo ama vile vya mwanzo vilibaki vichache vikazaliana upya, ama mbu mwingine amemletea vipya. Ukitazama kwa hadubini vinafanana kabisa.

Ndiyo kazi ya karatasi. Maabara wanachukua damu ya siku ya kwanza na ile ya siku vimelea viliporudi, wanalinganisha vinasaba. Vikiwa vilevile, dawa haikumaliza. Vikiwa tofauti, mtoto aliumwa na mbu mwingine. Maabara za kazi hiyo ni chache na karatasi hupimwa nyingi kwa pamoja, ndiyo maana inachukua miezi.

Na kwa nini wahangaike hivyo? Klorokwini tuliiacha mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea. Ikaja SP, dawa nyingine ya malaria, nayo mwaka 2006 ikaanza kupisha dawa mseto. Kipimo cha WHO, Shirika la Afya Duniani, ni kwamba dawa ikishindwa kweli kwa wagonjwa 10 kati ya 100, nchi ibadilishe. Mwaka 2022 kule Karagwe, Kagera, zaidi ya 10 kati ya 100 walikuwa bado na vimelea siku ya tatu. Mseto uliwaponya mwishoni, lakini sehemu yake inayoua upesi imeanza kupungua kasi. Na Kagera tumepakana nayo, ukishaimaliza Kakonko umeingia.

Halafu nikwambie jambo moja. Mwaka 2016 Ujiji ilikuwa miongoni mwa sehemu nne zilizopima mseto huu, pamoja na Kibaha, Mkuzi na Mlimba. Mseto ulionekana unaponya vizuri. Hiyo ni habari njema iliyotoka kwenye damu ya watoto wa Ujiji, na mimi niliisoma kwa Kiingereza. Sijui nani Ujiji aliyesomewa kwa Kiswahili.

mhitimu_tabora

Nimesoma swali hili nikaamka kitandani. Mimi nilikuwa upande wa pili.

Nikiwa mwanafunzi tulikwenda kijiji kimoja wilaya ya Igunga kuchukua damu. Nilisimama mbele ya mkutano wa kijiji, chini ya mwembe, nikaahidi kwa mdomo wangu kuwa tutarudi. Bajeti ilikuwa na fungu la vifaa, la posho na la kuchapisha. Fungu la mafuta ya gari ya kurudi kijijini halikuwemo, na hakuna aliyeuliza, hata mimi. Bibi mmoja alitufungashia karanga siku ya kuondoka. Namkumbuka yeye kuliko takwimu zote.

Mama, fanya hivi. Tafuta nakala yako ya fomu ya ridhaa. Mara nyingi ukurasa wa mwisho una namba ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili. Angalia pia panapoeleza sampuli zitatunzwa wapi na kwa muda gani. Zikipelekwa nje ya nchi lazima uwepo mkataba.

Kama fomu imepotea, nenda ofisi ya mganga mkuu wa manispaa. Kibali cha utafiti kinachotolewa na NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kina sharti kwamba kila miezi sita taarifa ya maendeleo ipelekwe wizarani, NIMR, na kwa waganga wakuu wa mkoa na wilaya. Kwa hiyo uliza kwa jina: taarifa ya maendeleo ya utafiti.

mhudumu_mwandiga

Mwakeye. Mwanangu, usigombane na mama mkwe. Miaka yote nikipita nyumba kwa nyumba kama mhudumu wa afya, neno mumiani nalisikia palepale ambapo watu walichukua wakanyamaza. Mpe kiti, mweleze habari ya karatasi kama tabibu alivyoieleza.

Na ofisini usiende peke yako. Nenda na wale jirani wawili na mtendaji wa mtaa, mkiwa na barua yenye muhuri. Barua ya mtaa lazima ipokelewe kwenye kitabu.

mama_dagaa_ujiji

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Nilingoja mwezi uwe mweupe ndipo nikaenda, nisipoteze siku ya kazi.

Fomu niliipata ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto. Mtendaji alituandikia barua, tukaenda wanawake watatu. Ofisini walikuwa na taarifa moja ya miezi sita ya kwanza, ya pili hawajaipata. Yule afisa alipiga ile namba ya kwenye fomu mbele yetu. Mtafiti akapokea, akaomba radhi, akasema vinasaba vimeshapimwa na anaweza kuja. Mtendaji amempa Jumamosi ya wiki ijayo, saa kumi, ofisi ya mtaa, na amemwambia aje na maelezo ya Kiswahili.

@mhitimu_tabora, nimemsomea mama mkwe maneno yako. Amesema huyo bibi wa Igunga bado anakusubiri.

Jumamosi atakuja na yeye. Anataka kuuliza swali moja tu: ile karatasi yenye damu ya mjukuu wake iko wapi sasa hivi.