Triumph inamisi ikishapata moto: kabureta mpya, Mikuni moja, au moto wa kielektroniki?

Kiki Moja
Wakuu heshima kwenu. Pikipiki yangu ya Triumph imeanza vituko. Asubuhi inawaka bila shida, ila ikishapata moto inamisi, inakohoa, na nikisimama inazima yenyewe. Bajeti inaruhusu jambo moja tu kwa sasa, na nimebaki na njia tatu:
a) kabureta mpya mbili, Amal Premier
b) kabureta moja ya Mikuni na manifodi (bomba) ya kugawa kwenda silinda zote mbili
c) kutoa platini (swichi ndogo zinazokata umeme ili plagi itoe cheche), kuweka moto wa kielektroniki
Nataka kuagiza wiki hii. Mwenye uzoefu atie neno.

Platini Kwanza
Triumph ipi mkuu, ya mwaka gani? Kabureta zilizopo ni zipi? Inamisi silinda moja au zote mbili? Plagi umezitoa ukaziangalia? Unatuomba dawa na mgonjwa hujatuonyesha.

Mikuni Damu
Chukua (b) ulale usingizi. Kabureta moja, kebo moja, habari ya kusawazisha kushoto na kulia imekwisha. Mimi hizo Amal nilishazifanya vizuizi vya karatasi mezani.

Bibi Meriden
Mikuni Damu, hata kama mtu anauliza taa ya nyuma wewe utajibu Mikuni. Kama ni Bonneville, ina sifa gani isipokuwa kabureta mbili? Tangu 1959 ndicho kilichoitenga na ndugu zake. Anayetaka kabureta moja anunue TR6, injini karibu ni ileile na inatulia zaidi.

Kiki Moja
Ni Bonneville kweli, T120R ya 1970. Kabureta ni Amal Concentric zilizokuja nayo, platini ni zilezile za kiwandani, umeme volti 12. Plagi ya kulia ina rangi ya kahawia, ya kushoto nyeusi.

Platini Kwanza
Sasa tunaongea. Nyeusi kavu kama masizi, au nyeusi inayong'aa mafuta? Ikiwa na mafuta, acha kabureta, kaangalie ringi za pistoni na mirija inayoongoza valvu. Ikiwa kavu, ama petroli inazidi upande huo, ama cheche ni dhaifu na petroli haiungui yote. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Kwa hiyo usinunue kitu bado. Badilishana koili za kushoto na kulia, ni kazi ya bisibisi. Ila angalia: usihamishe waya nene za plagi peke yake. Kila silinda ina platini yake na koili yake, na kemu ya platini inazunguka nusu ya mwendo wa krenki. Ukihamisha waya za plagi tu, cheche itatoka wakati silinda iko kwenye kutoa moshi na pikipiki haitawaka, uje hapa kulalamika. Hamisha pia waya nyembamba zinazotoka kwenye platini. Weusi ukihamia kulia, koili ndiyo mbovu. Ukibaki kushoto, tunashuka kwenye platini, kapasita (kifaa kinachozuia platini zisiungue kwa cheche) na kabureta.

Kiki Moja
Kavu kabisa. Nikipitisha kidole kinatoka na masizi.

Fundi wa Jioni
Mimi nipo upande wa (a), na nitaeleza kwa nini, mnivumilie ni ndefu.

Nilikuwa na Concentric kama hizo zako. Pikipiki ilikuwa inakimbia vizuri ila haikai kwenye mwendo wa chini, ukiachia mkono inazima. Hiyo kwa kawaida ni njia ya petroli ya mwendo wa chini imeziba. Kwenye nyingi za Concentric za zamani jeti hiyo (kipande chenye kitundu cha kupimia petroli) huwezi kuitoa, imepigiliwa ndani ya bodi, nyuma kabisa ya tundu la skrubu ya hewa. Kitundu chake ni inchi 0.016 tu, kama milimita 0.4. Petroli ikikauka humo inaacha gundi ya kijani, na dawa ya kupuliza haifiki vizuri.

Nikampelekea fundi mmoja aliyesifiwa sana. Akachukua kibiti cha kuchimbia, sijui cha ukubwa gani, akakisukuma kwa mkono mpaka kikapita. Akanirudishia akiwa na furaha. Kweli ikasimama bila kuzima, lakini inanuka petroli, plagi zinaingia masizi, skrubu ya hewa unaizungusha mpaka inakaribia kudondoka na hakuna kinachobadilika. Alikuwa ametanua kitundu. Ikawa msimu mzima wa kutafuta ubovu kwenye umeme, nabadilisha plagi, nabadilisha koili, mpaka siku mzee mmoja alipoifungua akachungulia kwa tochi akacheka. Bodi ile ikawa chuma chakavu.

Premier jeti yake ya chini inafunguka kwa bisibisi, na slaidi (kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta ukivuta mkono) ni ya alumini iliyofanywa ngumu. Zile za zamani slaidi na bodi ni zinki kwa zinki, zinalana. Kiki Moja, zima injini, toa kichujio cha hewa, ingiza kidole utikise slaidi. Ikigonga ngo-ngo, hewa inapita pembeni yake na hutaupata mwendo wa chini uliotulia hata ufanyeje.

Mikuni Damu
Yaani umeandika aya tatu kueleza kwa nini niko sahihi. Asante.

Volti Sita
Kuhusu (c), mtu asije akaiona rahisi. Hizi pikipiki chasisi imeungwa kwenye chanya ya betri, siyo hasi. Ukiunganisha kwa mazoea ya pikipiki za kisasa unaunguza kisanduku cha elektroniki kabla hujapiga kiki. Pili, mifumo mingi ya aina hiyo inataka koili mbili za volti 6 zikifuatana, au moja ya volti 12 yenye midomo miwili. Ukiacha koili zako mbili za volti 12, cheche inakuwa dhaifu. Na betri ikichoka, taimingi (wakati wa kutoa cheche) inaanza kuyumba, wakati platini zenyewe zingekufikisha nyumbani.

Bibi Meriden
Na kabla ya yote, valvu. Pengo la valvu za T120 ni inchi 0.002 ya kuingiza na 0.004 ya kutoa, injini ikiwa ya baridi. Watu wanaagiza kabureta na valvu haijaguswa tangu wainunue.

Volti Sita
Na mfuniko wa tangi. Tundu la hewa likiziba, petroli inakataa kushuka, inazima, ukifungua mfuniko inapona.

Platini Kwanza
Hiyo ingemnyima petroli pande zote mbili, na plagi zisingekuwa nyeusi. Tusimchanganye.

Kiki Moja
Nimerudi. Koili nimebadilishana pamoja na waya nyembamba. Weusi umebaki kushoto. Usiku nilifungua kifuniko cha platini injini ikiunguruma: platini za kulia zinatoa kicheche kidogo sana, za kushoto zinawaka kama mtu anachomelea. Uso wake una kichuguu upande mmoja na shimo upande wa pili. Ila pia slaidi ya kushoto inagonga, ile ngo-ngo.

Platini Kwanza
Kapasita ya kushoto hiyo. Ikishachoka inaanza kufa kwenye joto, ndiyo maana asubuhi unakuwa mfalme. Weka kapasita mpya, safisha platini, pengo inchi 0.015, kisha taimingi kwa taa, digrii 38 kabla pistoni haijafika juu, kila upande peke yake maana kila platini ina sahani yake.

Fundi wa Jioni
Na slaidi inayogonga je? Hiyo kapasita haiitibu.

Platini Kwanza
Ataitibu akishajua kinachobaki. Ukibadili vyote kwa pamoja hujui kilichopona ni kipi.

Mikuni Damu
Au abadili vyote aendeshe pikipiki.

Tangi la Fiberi
Jamani petroli mnayotia ina ethanoli? Uingereza yenyewe petroli ya kawaida imekuwa E10 (ethanoli hadi asilimia 10) tangu 2021. Norton Commando yangu ina tangi la fiberi, ethanoli ilianza kuliyeyusha, ule utomvu ukashuka hadi kwenye kabureta na slaidi ikaganda.

Volti Sita
Tangi lake ni la chuma, mkuu.

Tangi la Fiberi
Natoa tahadhari tu.

Kiki Moja
Kapasita nimeagiza, mbili kabisa. Premier bado nazitolea macho. Halafu hizi nati za kabureta spana zangu za milimita zinateleza, nitumie zipi?

Bibi Meriden
Za 1970? Ukipata mbili zinazofanana unibashirie. Kiwanda kilikuwa kinahama kutoka nyuzi za zamani za Kiingereza kwenda UNF (nyuzi za inchi za mtindo wa Kimarekani), kwa hiyo kaa na seti zote mbili.

Mikuni Damu
Mikuni ni milimita.